Nilisingizia Mafuta, Akaadhibiwa Dereva

Petroli ya oktani ndogo haiui sensa ya gari. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimewaambia wateja kinyume chake, boneti likiwa wazi na mashine ya kupimia ikiwa mkononi, nao wakaniamini. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Taa ya cheki injini ikiwaka, watu huja kwangu. Nachomeka mashine chini ya usukani, nasoma namba, nawaambia gari linaumwa nini. Mteja hana namna ya kunipinga. Akitoka kwangu, fedha atakazotumia na mtu atakayemlaumu vinategemea nilichosema mimi.

Kwa nilichosema, mzee mmoja dereva alifukuzwa kazi. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mkono wangu, na wakati namtupia yeye, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inajua. Mzee mwenyewe ameniruhusu niandike haya, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisimtaje mwenye gari. Amesema pia nisijipunguzie. Nitajitahidi.

Gari lilikuwa Toyota Harrier ya 2.4, toleo ambalo mjini wote wanaliita tako la nyani. Mwenye gari ni mama mmoja mjane, na yule mzee alikuwa dereva wa familia tangu enzi za marehemu mume wake. Namwita mzee kwa haki yake, maana ana umri wa baba yangu, na kila alipoingia gereji nilimpa shikamoo kabla sijashika spana. Hakuwa dereva wa kuacha gari na kwenda kupiga soga. Alikaa kwenye benchi akatazama kazi mpaka mwisho, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na daftari dogo la kuandika mafuta: tarehe, lita, kilomita. Nimeona madereva wengi, lakini wenye daftari la namna ile ni wachache mno.

Siku ya kwanza waliniletea gari likiwa linavuta hewa pembeni. Gasketi ya menifoldi ilikuwa imechoka, injini inapiga mluzi na sailensi inapanda na kushuka. Kazi ya kawaida. Nilifungua menifoldi nikasafisha. Sasa chini ya menifoldi, imefungwa kwenye bloku ya injini, kuna sensa ndogo nyeusi, duara, yenye tundu katikati. Ndiyo sensa ya noki. Niliitoa ili nipate kusugua vizuri mahali pale. Wakati wa kuirudisha niliona kama haikai sawasawa, nikaweka washa chini yake. Kisha nikachukua racheti ya mpini mrefu nikakaza mpaka mkono uliponiambia inatosha.

Katika maelezo hayo kuna makosa mawili, na fundi anayesoma ameshayaona. Sensa ile haitakiwi kuwekewa washa ya aina yoyote. Uso wake wa shaba unatakiwa ulale moja kwa moja juu ya chuma cha bloku, chuma kikiwa safi, bila kutu, bila rangi, bila mabaki ya gundi ya gasketi. Na haikazwi kwa kukadiria. Inakazwa kwa spana ya kupima nguvu, ile tunayoiita toki, na kwa sensa ya aina hiyo kipimo ni kama Nyutonimita 20, nguvu ndogo tu kwa mkono uliozoea kufungua nati za magurudumu. Toki ilikuwepo kwa jirani yangu, gereji ya pili kutoka kwangu. Sikwenda kuazima. Ilikuwa jioni, nilitaka kufunga.

Nieleze kazi ya sensa hii, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuona uongo wangu ulipokaa.

Ndani ya silinda, pistoni inapopanda, inaukandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia hapo na kusambaa kwa mpangilio mpaka ukuta wa mwisho. Mambo yakienda vibaya, ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia unapata joto na mgandamizo kupita kiasi, unalipuka wenyewe. Mawimbi ya mlipuko ule yanapiga kuta za silinda, nawe unasikia injini inagonga, mlio mkavu wa chuma, hasa ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo kwenye mlima. Mgongano ule ukiachwa uendelee kwa muda unavunja pistoni.

Sensa ya noki ni sikio la injini. Ndani yake kuna kipande cha kauri ambacho kikitikiswa kinatoa umeme kidogo sana, na imetengenezwa isikilize mitikisiko ya kiwango fulani, kwa injini nyingi kama 6,000 au 7,000 kwa sekunde. Ikisikia mgongano, inapeleka taarifa kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi inachelewesha cheche kwa nyuzi chache mpaka kelele iishe. Baadaye inairudisha cheche polepole mahali pake. Hayo yanafanyika mara nyingi njiani bila wewe kujua na bila taa yoyote kuwaka.

Petroli haiigusi sensa hii hata kidogo. Imefungwa nje ya silinda, imekaa kwenye chuma, inasikiliza tu. Ukiweka mafuta ya oktani ndogo kuliko injini inavyohitaji, sensa itasikia kelele nyingi zaidi, itafanya kazi zaidi, gari litapungua nguvu kidogo na kula mafuta zaidi. Ukilazimisha hivyo kwa muda mrefu, kitakachoumia ni pistoni na plagi, na ikipiga misi sana yataumia masega ya kwenye ekzosi. Sensa yenyewe inakuwa imetimiza wajibu wake. Hayo nilikuwa nayajua. Nilifundishwa chuoni, na niliwahi kuyarudia mbele ya vijana waliokuja kwangu kujifunza kazi.

Nilikuwa najua pia kwamba oktani haipimi usafi wa mafuta wala nguvu yake. Inapima kitu kimoja tu, uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia. Kipimo chenyewe kiliwekwa kwa kutumia vimiminika viwili: isooktani ikapewa 100, heptani ikapewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Basi. Petroli chafu inaweza kuwa na oktani kubwa, na safi ikawa na ndogo.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kule viwango vya taifa vinataka petroli ya kawaida isipungue 89 na ile ya daraja la juu isipungue 96. Ndiyo maana baadhi ya magari, Subaru za turbo kwa mfano, yana stika ya Kijapani kwenye kifuniko cha tangi ikimwambia mwenye gari atumie ya daraja la juu. Hao wana sababu ya kuangalia oktani. Harrier ya 2.4 ilitengenezwa itembee na ya kawaida. (Na ukitazama video za Wamarekani ukaona wanajaza 87, usishtuke. Wao wanapima kwa njia nyingine, wastani wa vipimo viwili, na 87 yao iko karibu na 91 au 92 kwa kipimo tunachotumia sisi.) Kwa hiyo gari la yule mama lilikuwa mbali kabisa na hatari niliyokuja kuisema.

Wiki chache baada ya kazi yangu, mzee alimpeleka mama Morogoro kwenye msiba. Joto lilikuwa kali, barabara ndefu, injini imechemka sawasawa. Walijaza mafuta Chalinze. Mbele kidogo, taa ya cheki injini ikawaka, na gari likawa zito. Mzee alipunguza mwendo, wakafika salama, wakarudi salama, na kesho yake walikuwa kwangu wote wawili.

Nilichomeka mashine. Ikasoma P0325. Kwa Kiswahili cha kawaida, namba hiyo inasema kuna hitilafu kwenye saketi ya sensa ya noki. Haikusema kwamba injini inagonga. Haikutaja mafuta. Kontroli boksi ilikuwa inasema jambo moja: sikio langu silipati, aidha lenyewe au waya wake.

Nataka kuwa mkweli kuhusu dakika ile. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni ile jioni. Nilikumbuka washa. Nilikumbuka racheti. Halikukaa sana, lilipita haraka, lakini lilipita. Na hapohapo mdomo wangu ukauliza, "Mama, mliweka mafuta wapi?"

Mama akamwangalia mzee. Mzee akasema, "Chalinze, sheli ya barabarani."

Nikatikisa kichwa. Sikuhitaji kusema mengi. Nilisema, "Haya mafuta ya njiani, mama, oktani yake ndogo. Yanaua sensa."

Mzee hakubishana. Alikwenda kwenye gari, akashusha kile kibao cha kuzuia jua upande wa dereva, akatoa risiti ya EFD iliyokunjwa mara mbili. Aliifungua kwa vidole viwili, taratibu, maana karatasi zile joto likizipata zinageuka nyeusi, na hii ilikuwa imeshaanza kuwa na doa jeusi kwenye mkunjo. Bado ilisomeka. Jina la sheli, saa, lita, bei, na namba ya uhakiki chini. Akaninyooshea. "Mwanangu, tazama. Sikuweka ya kwenye kidumu."

Nikamwambia, "Mzee wangu, risiti haioneshi oktani."

Lilikuwa jibu la kweli kwa maneno yake na la uongo kwa kazi niliyolituma. Niliona uso wa mama ukibadilika. Mzee alikunja risiti kama ilivyokuwa, akairudisha mahali pake. Sikumwangalia tena.

Nikafuta ile namba kwenye mashine, taa ikazimika, kwa kuwa injini ilikuwa imepoa na sensa ilikuwa inafanya kazi ikiwa baridi. Kisha nikamuuzia mama chupa ya dawa ya kuongeza oktani. Chupa za namna hiyo ziko za aina nyingi, na baadhi zina manganizi au chuma. Ukizidisha matumizi, plagi zinapata utando mwekundu au wa rangi ya kutu, na utando huohuo unaweza kuifunika sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi. Yaani kwa ajili ya kulinda sensa moja ambayo mafuta hayakuigusa, nilimkabidhi mama kitu chenye uwezo wa kuharibu nyingine iliyokuwa nzima. Na nikachukua fedha yake.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kina hesabu yake kamili na mimi ndiye fundi wa hesabu hiyo. Kontroli boksi ya Toyota ikipoteza taarifa za sensa ya noki haikisii. Inachukua tahadhari, inachelewesha cheche hadi kikomo ilichowekewa, ili injini isivunjike hata kama inagonga bila kusikika. Gari linatembea, lakini linakosa nguvu na linakula mafuta. Kwa hiyo kila injini ilipochemka barabarani, sensa ilikatika, cheche ikachelewa, mafuta yakaisha mapema. Mama aliona fedha ya mafuta inaongezeka na safari ni zilezile. Na alikuwa tayari ameshasikia kutoka kwa fundi kwamba dereva wake anaweka mafuta ya ovyo.

Akajumlisha. Yeyote angejumlisha vile. Dereva ananunua mafuta ya magendo kwenye vidumu, anaweka mfukoni kinachobaki, risiti anaokota. Shemeji yake akaongeza lake. Mzee alileta daftari, akawaonyesha kilomita na lita, na daftari lilelile lililoandikwa kwa uaminifu likawa ushahidi dhidi yake, kwa sababu lilionyesha wazi kwamba gari limeanza kula mafuta. Alikabidhi funguo mbele ya mlinzi wa geti na watoto wa nyumba ile, watoto aliowapeleka shule tangu chekechea.

Habari hizo nilizisikia nikiwa gereji. Nilisema, "Pole yake." Nikaendelea na kazi.

Watu wananiuliza, mama aliaminije jambo zito namna ile kwa neno la fundi mmoja? Aliamini kwa sababu uongo wangu ulikuwa umepanda juu ya mgongo wa jambo la kweli. Uchakachuaji upo, tumeuona. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli yanashusha oktani vibaya, hayaungui yote, yanaacha masizi kwenye plagi na kwenye sensa ya oksijeni. Serikali zetu zimepambana nao: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yagundulike, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa nchini, ili kuyachanganya kusiwe na faida. Mwananchi aliyeishi kipindi hicho ana haki ya kuogopa sheli asiyoijua. Mimi niliichukua hofu hiyo ya haki nikaifanya pazia.

Na mafuta kweli yanaweza kuua sensa. Kinachoua ni kilichomo ndani yake, na siyo namba ya oktani. Mfano mkubwa ni wa Uingereza, Februari na Machi 2007. Kusini-mashariki mwa nchi ile maelfu ya magari yalianza kutetemeka, kukosa nguvu na kuwasha taa za injini. Petroli yao ilikuwa ya oktani inayotakiwa. Ilikuwa imeingiwa na silikoni, na silikoni ikiungua inaacha unga mweupe unaoziba sensa ya oksijeni. Mwanzoni vipimo vya kawaida vilionyesha mafuta hayana tatizo, kwa sababu havikuwa vikitafuta silikoni. Tatizo lilionekana kwenye sensa zenyewe.

Risasi nayo. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors kule Marekani, aligundua kwamba dawa yenye risasi inazuia injini kugonga, yaani inapandisha oktani. Dunia nzima ikaitumia. Lakini risasi ni sumu kwa binadamu, na ni sumu pia kwa sensa ya oksijeni na masega. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao Nairobi ndilo lililoitangazia dunia mwezi uliofuata. Fikiria jambo hilo: kwa miongo mingi, kitu kilichoipandisha oktani ndicho ambacho kingeiua sensa. Mimi nilikuwa nawaambia watu kinyume chake kabisa.

Kama mafuta ya Chalinze yangekuwa na hatia, kulikuwa na njia za kujua, na zote zilikuwa mikononi mwangu siku ile. Ningefungua plagi nikatazama rangi. Ningechota mafuta kidogo kwenye chupa safi nikayanusa na kuyaacha yatulie. Mashine ingesoma misi, ingesoma mchanganyiko mbaya, ingetaja sensa ya oksijeni. Ningewasha injini nikasikiliza kama inagonga, maana joto la Dar, hapa usawa wa bahari, ndipo injini inapogonga kwa urahisi kuliko Njombe au Mbeya ambako hewa ni nyepesi. Sikufanya hata moja. Aliyekwisha kuamua jibu hapimi.

Baadaye mama alirudi. Safari hii alikuwa anaendesha mwenyewe, anajaza mwenyewe sheli moja ya mjini, na risiti zote anazo kwenye pochi. Taa ilikuwa inawaka. Hakukuwa na dereva wa kulaumu wala Chalinze ya kusingizia. Aliniambia, "Fundi, sasa hapa mwizi ni nani?" Aliuliza kwa uchovu tu, hakuwa ananishuku. Nilimwomba aache gari.

Nilifungua menifoldi nikiwa peke yangu, vijana nimewatuma mbali. Sensa ilitoka kwa shida, imeng'ang'ania. Washa ilikuwa imeng'ata uso wa shaba na kuacha alama ya mwezi mwandamo. Niliifuta vumbi kwa kitambaa, nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikauona ufa, mwembamba kuliko unywele, umezunguka pale plastiki nyeusi inapokutana na shaba, robo tatu ya duara. Nikaipima kwa mita. Sensa ya aina ile ikiwa nzima husoma kati ya kilo-omu 120 na 280, na hii ilisoma vizuri. Nikaenda saluni ya jirani nikaazima mashine ya kukaushia nywele, nikaipulizia joto huku waya za mita zikiwa zimeshika. Namba zilitulia, zikatulia, kisha zikapotea. Nikaiacha ipoe, zikarudi. Nikaipasha tena, zikapotea tena. Morogoro nzima ilikuwa pale mezani.

Na bado sikusema. Mzee ameniambia nisijipunguzie, basi hili ndilo la kuandika. Nilinunua sensa nyingine halali, nikasugua bloku mpaka chuma kikang'aa, nikaazima toki kwa jirani, nikakaza kwa Nyutonimita 20, bila washa. Kazi nzuri kabisa. Mama alipokuja nilimwambia, "Tayari, mama, ilikuwa sensa." Nikampa bei ya sensa na ya ufundi. Akalipa, akanishukuru.

Mzee nilikutana naye sokoni Mabibo. Alikuwa anaendesha kirikuu cha mtu, amebeba ndizi, shati limejaa utomvu. Nilitaka kupita. Yeye ndiye aliyeniita. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole uleule, akauliza habari za nyumbani, habari za kazi. Kisha akauliza, "Lile gari la mama lilipona?"

"Limepona, mzee."

"Ilikuwa nini hasa?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa amelitunza gari lile kwa miaka mingi na alitaka kujua. Nilimjibu, "Ilikuwa mkono wangu, mzee. Nilikaza vibaya sensa. Mafuta yako hayakuwa na tatizo." Alishusha mkungu aliokuwa ameushika, akakaa pembeni ya kirikuu. Akaniuliza swali moja tu: nilijua tangu lini. Nikamwambia nilihisi tangu siku ya risiti, na nilijua kwa hakika tangu siku niliyofungua sensa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi twende ukayaseme kule yaliposemwa."

Tulikwenda Jumapili. Nilisema yote sebuleni, mbele ya mama, mbele ya shemeji, na mlinzi wa geti akaitwa naye asikie, kwa sababu mzee alitaka aliyemwona akikabidhi funguo awepo. Niliirudisha ile fedha ya sensa na ya ufundi, na ya ile chupa. Mama alilia, akamwomba mzee msamaha kwa kumpigia goti. Alimwomba arudi kazini. Mzee alikataa. Alisema amemsamehe, na watoto ni wake vilevile, ila kwenye nyumba ambayo wamewahi kumhesabia lita hawezi kushika usukani tena. Alitaka alipwe haki zake za miaka yote aliyofanya kazi, kama mtu aliyestaafu na siyo kama mtu aliyefukuzwa. Mama amemlipa. Mshahara alioukosa tangu aondoke nimeuchukua mimi, namlipa kila mwisho wa mwezi, na bado sijamaliza.

Kwangu mimi hakusema amenisamehe, nami sijamwomba aseme.

Baada ya hapo nilitoa madaftari yangu ya zamani ya wateja nikaanza kutafuta kila mahali nilipoandika "mafuta" au "oktani" pembeni ya namba ya sensa. Ni wengi kuliko nilivyokumbuka. Wengine kweli walikuwa na mafuta mabaya, nimeona plagi zao zilivyokuwa na nimeandika. Lakini wapo ambao sikupima chochote, nilisema tu, kwa sababu ni jibu linalomaliza maswali na haliachi lawama gereji. Nawapigia mmoja mmoja. Baadhi wameshauza magari, baadhi namba hazipatikani. Mmoja aliniambia alihama sheli ya ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu yangu, na hawazungumzi mpaka leo. Nimemwomba namba ya huyo ndugu.

Kama uliwahi kuja kwangu ukaambiwa sensa imekufa kwa sababu ya petroli, na hukuona mimi nikifungua plagi wala kuchota mafuta, lete gari. Nitapima upya mbele yako, bila malipo. Na kama kuna mtu uliyemlaumu kwa neno langu, njoo naye.